Nyumba ya Mteja Si Maabara

Nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam zina mita moja ya LUKU na wapangaji wengi. Mwenye friji na mwenye taa mbili wanachanga sawa, anayeshinda kazini na anayeshinda nyumbani wanachanga sawa, na siku uniti zikiisha kabla ya wakati kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la shaka. Mikocheni, ambako nyumba za zamani zenye viwanja vipana zimeongezewa vyumba vya uani na apatimenti, ugomvi huo ni wa kila mtaa. Karakana yetu ndogo ilipata riziki humo. Tulikuwa tunatengeneza mita ndogo za kulipia kabla, zinazofungwa baada ya LUKU kubwa, kila mpangaji na yake. Mpangaji ananunua uniti kwa simu, anapata tarakimu 20, anazibonyeza, na zikimwishia anakatikiwa yeye peke yake.

Karakana ilikuwa mtaa mmoja ndani kutoka Barabara ya Mwai Kibaki, ile ambayo wengi bado tunaiita Old Bagamoyo. Tulikuwa wachache: fundi mkuu aliyekulia katika kazi ya umeme wa majumbani, dada mmoja aliyesomea programu za kompyuta kwenye kampasi ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Kijitonyama, na mimi niliyetoka Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, yaani DIT. Kazi ile ilinifunza jambo ambalo leo nalishika kama kanuni: kifaa kinachogusa fedha na usalama wa watu kinapaswa kuishi kwanza ndani ya kompyuta, kiharibikie humo, kife humo na kufufuliwa humo, kabla hakijafungwa kwenye ukuta wa mtu.

Aliyelisema jambo hilo waziwazi kuliko sisi wote hakuwa mhandisi. Alikuwa mama mwenye nyumba wa Mikocheni B, ambaye tulikwenda kumweleza habari za mita zetu. Tulimwamkia, akatukaribisha barazani, akasikiliza maelezo yetu yote bila kutukatisha. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa mdogo kuliko wote.

"Mwanangu, nimekuelewa," alisema. "Lakini hiyo mita ikila hela ya mpangaji wangu usiku, atakayegongewa mlango ni mimi, siyo wewe."

"Ni kweli, dada yangu," fundi mkuu akamjibu. "Basi kazi yetu ni kuhakikisha mlango wako haugongwi."

Ahadi hiyo ilikuwa nzito, kwa sababu mambo yanayoweza kusababisha mita kula hela ya mtu ni yale ambayo huwezi kuyapanga mezani. Umeme kukatika katika sehemu ndogo ya sekunde, wakati mita ndiyo kwanza inaandika salio jipya. Kihesabu cha ndani kujaa baada ya miezi au miaka. Chipu ya kumbukumbu kuchakaa kwa kuandikwa mara nyingi. Mtu akibonyeza vitufe mezani kwa wiki nzima huenda asikutane hata na moja kati ya hayo, kisha mamia ya mita zikifungwa mitaani zikakutana nayo yote ndani ya mwaka mmoja. Isitoshe, bodi zenyewe zilikuwa chache. Sehemu kubwa ya chipu tuliagiza China, mzigo ukachukua muda wake njiani na kwenye forodha. Bodi moja iliyoungua ilikuwa hasara ya fedha, na hasara kubwa zaidi ya muda.

Mimi nilikutana na wazo la kuigiza vifaa kwa programu nikiwa mwanafunzi. Bodi za maabara hazikuwatosha wanafunzi wote, kwa hiyo wengi wetu tulijifunzia kwenye Proteus, programu ya Labcenter ya Uingereza, inayokuwezesha kuchora saketi kwenye skrini, kuweka maikrokontrola, kupakia msimbo wako na kuona taa ikiwaka kana kwamba umeunganisha nyaya. Wakati ule niliiona kama njia ya wasio na bodi. Nilidhani ukipata bodi ya kweli, simuleta, yaani programu ya kuigiza kama hiyo, haina kazi tena. Mikocheni ndipo nilipoelewa kwamba hata karakana yenye shehena ya bodi inaihitaji, kwa kuwa yapo maswali ambayo bodi ya kweli haiwezi kukujibu.

Hatua ya kwanza tuliyochukua ilikuwa ya mpangilio. Programu ya mita tuliigawa sehemu mbili. Sehemu moja ndiyo yenye akili: inasoma tarakimu, inazihakiki, inaongeza uniti, inapunguza kadiri umeme unavyotumika, inaamua lini relei, yaani swichi ya mita, ikate umeme. Sehemu ya pili ni nyembamba na kazi yake ni kugusa vifaa: kusoma vitufe, kuandika kwenye kumbukumbu, kuwasha na kuzima relei, kusoma saa. Baada ya mgawanyo huo, sehemu ya pili tuliweza kuing'oa na kuweka nyingine inayotumia kompyuta ya kawaida. Kumbukumbu ya mita ikawa faili, relei ikawa neno kwenye skrini, na saa ikawa namba tunayoisogeza tutakavyo. Sehemu yenye akili haikuweza kutambua tofauti. Iliamini iko ndani ya mita.

Hatua ya pili ilikuwa kuigiza chipu yenyewe, ili programu ileile itakayopakiwa kwenye mita, bila kubadilishwa hata biti moja, iendeshwe ndani ya kompyuta. Hapa tulitegemea kazi za watu wengine. Ipo QEMU, programu huria iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, inayosoma maagizo ya chipu ya aina moja na kuyatekeleza kwenye chipu ya aina nyingine. Vijana wanaotengeneza programu za simu huitumia kila siku bila kujua, kwa kuwa simu ya kuigiza ya Android imejengwa juu yake. Ipo pia Renode, ya kampuni ya Antmicro ya Poland, iliyolenga hasa vifaa vidogo kama mita. Hizi zilitupa chipu ya kuigiza ya aina ya ARM, isiyoungua, isiyokwama forodhani, na inayoweza kusimamishwa baada ya agizo lolote ili tuchungulie ndani.

Dada yetu wa programu ndiye aliyependekeza jaribio lililobadili kazi yote. Ilikuwa wakati wa mgao wa umeme, mwishoni mwa mwaka 2023 kuingia 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, wenye uwezo wa megawati 235, haujaanza kuzalisha Februari 2024. Jenereta za Mikocheni zilikuwa zinanguruma mchana kutwa. Umeme ulikuwa unakatika na kurudi, na kila ulipokatika sisi watatu tulikuwa na swali lile lile: je, mita ingekuwa inaandika salio wakati huu, lingetokea nini?

"Kaka, kwa nini tusubiri ukatike?" aliniuliza. "Tuukate wenyewe humu ndani. Tuukate kila mahali."

Alimaanisha hivyo hasa. Mpangaji anapoingiza tokeni, yaani zile tarakimu 20, mita inafanya mlolongo wa maandishi kwenye chipu ya kumbukumbu ya EEPROM: salio jipya, alama kwamba tokeni hii imeshatumika, na namba ya uhakiki. Kila andishi linaweza kuchukua hadi milisekunde 5. Kwa binadamu hiyo si chochote. Kwa chipu ni muda mrefu sana, na umeme unaweza kukatika mahali popote ndani yake. Tuliandika programu fupi iliyoendesha mita ya kuigiza tangu mwanzo, ikaukata umeme baada ya baiti ya kwanza kuandikwa, ikaurudisha, ikalinganisha salio na lile lililotakiwa. Kisha ikaanza upya na kukata baada ya baiti ya pili, halafu ya tatu, na kuendelea. Usiku mmoja kompyuta ilikata umeme maelfu ya mara, na hakuna mpangaji hata mmoja aliyelala gizani kwa ajili yetu.

Asubuhi tulipata majibu. Msimbo wa mfano uliokuja na chipu kutoka kwa muuzaji wa nje, ambao ndio tuliokuwa tumeujengea juu, ulikuwa na upenyo. Uliweka kwanza alama kwamba tokeni imetumika, ndipo ukaandika salio. Umeme ukikatika katikati ya hatua hizo mbili, mita inapowaka tena inaikataa tokeni kwa kuwa imeshatumika, na salio ni lile la zamani. Hela imeliwa. Ukigeuza mpangilio, salio kwanza na alama baadaye, upenyo unahamia upande wa pili: mpangaji anaweza kuingiza tokeni ile ile mara mbili.

Dawa yake inafahamika kwa wajenzi wa hifadhidata, na inafanana na desturi ya muuza duka makini, ambaye hafuti ukurasa wa zamani wa madeni kabla hajamaliza kuandika mpya. Mita inatunza nakala mbili. Kila nakala ina salio, orodha ya tokeni zilizotumika, namba ya mfuatano na namba ya uhakiki. Mabadiliko yote yanaandikwa kwenye nakala iliyo ya zamani zaidi, na mita inapowaka inachagua nakala mpya kuliko zote iliyo kamili. Umeme ukikatika katikati, nakala mbovu inatupwa na ya awali inabaki nzima, tokeni ikiwa bado haijatumika. Mpangaji anaibonyeza tena, basi. Tuliirudisha programu mpya ndani ya simuleta, tukaukata umeme tena kila mahali, na kila mara hesabu ilikuwa sawa.

Jaribio hilo lilitupa mazoea ya kuuliza maswali ambayo mezani hayaulizwi. Swali la pili lilihusu uchakavu. Chipu za EEPROM tulizokuwa tunazitumia zina dhamana ya kuandikwa mara 1,000,000 katika sehemu moja. Namba hiyo inasikika kubwa mpaka uipigie hesabu. Siku moja ina sekunde 86,400. Mita inayohifadhi salio kila sekunde mahali pale pale inamaliza dhamana hiyo katika siku zisizofika 12. Ikihifadhi kila dakika, inaandika mara 525,600 kwa mwaka, na dhamana inakwisha kabla ya miaka 2. Hakuna anayeona jambo hilo kwa kuitazama mita ikiwaka vizuri. Kumbukumbu ya kuigiza tuliipa kihesabu kwa kila sehemu, tukaendesha mwaka mzima wa matumizi, kisha tukatazama ni wapi panapoandikwa zaidi. Baada ya hapo maandishi ya kila dakika tuliyagawa kwenye nafasi 64 zinazopokezana, na kwa hesabu hiyo chipu inadumu zaidi ya karne moja, yaani itaishi kuliko sanduku lake.

Swali la tatu lilikuwa la wakati, na hilo nchi nzima ililiona mwaka 2024. Mita za LUKU zinafuata kiwango cha STS, kilichozaliwa Afrika Kusini na sasa kinatumika katika nchi nyingi. Zile tarakimu 20 ni namba ya biti 66 iliyofichwa kwa ufunguo wa siri wa mita husika. Ndani yake mna biti 16 za kiasi cha umeme, biti 16 za uhakiki, na biti 24 zinazotaja wakati tokeni ilipotengenezwa, zikihesabu dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Mita haihitaji kuwa na saa. Inakumbuka tokeni za karibuni ilizopokea, na ikiletewa iliyokwishatumika, au ya zamani kuliko hizo, inaikataa. Ni mpango mzuri wa kuzuia udanganyifu. Lakini biti 24 zinahesabu dakika 16,777,216 tu, na dakika hizo zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri, na mita ambayo haikubadilishwa ingeziona tokeni mpya zote kuwa za kale.

Ndiyo sababu ya zoezi lile ambalo kila mwenye LUKU anaifahamu sura yake. TANESCO iliendesha maboresho ya mita nchini, na mteja aliponunua umeme alipewa makundi matatu ya tarakimu 20, ayaingize kwa mfuatano. Makundi mawili ya kwanza yaliipa mita ufunguo mpya na kusafisha kumbukumbu ya tokeni za zamani, kundi la tatu likaingiza uniti. Nilikuwa mitaani siku zile, nikiwasaidia majirani kubonyeza. Wazee waliosahau miwani, akina mama walioshika simu mkono mmoja na mtoto mkono wa pili, vijana waliorukia kundi la tatu kwa kuwa ndilo lenye umeme. Nilipowatazama nilielewa uzito wa kihesabu kilichochaguliwa mezani miaka 30 nyuma. Mhandisi alitenga biti 24, na baada ya kizazi kizima mtu wa Mikocheni anabonyeza tarakimu 60.

Mita zetu hazikuwa za LUKU, ila nazo zilikuwa na vihesabu vyao. Tuliviorodhesha vyote ukutani, kila kimoja na tarehe yake ya kujaa. Kihesabu cha milisekunde cha biti 32, kinachotumika sana kwenye vifaa vidogo, hujaa baada ya siku 49 na ushehe. Saa inayohesabu sekunde tangu mwaka 1970 kwa biti 32 zenye alama ya hasi na chanya hufika mwisho tarehe 19 Januari 2038. Kwenye meza ya kawaida, kungoja siku 49 ni kuchelewesha kazi kwa karibu miezi miwili, na kungoja 2038 hakuwezekani. Ndani ya simuleta, muda ni namba. Tuliisogeza saa hadi dakika chache kabla ya kila kihesabu kujaa, tukaiacha ivuke, tukatazama kama relei inakaa ilipo na salio linabaki lilivyo. Palipoyumba tulirekebisha, tukavuka tena.

Nimesifu sana mita ya ndani ya kompyuta, na sasa ni haki niseme mipaka yake. Simuleta inajua yale tu uliyoiambia. Mita zetu za kwanza za kweli tulizifunga kwa makubaliano kwenye nyumba ya fundi mkuu mwenyewe, na ukuta ukaanza kutufundisha. Jioni, viyoyozi vya mtaa mzima vinapowashwa, nguvu ya umeme inashuka chini ya zile volti 230 zinazotarajiwa, kile tunachokiita umeme mdogo. Katika mita ya kuigiza, umeme ulikuwa na hali mbili: upo au haupo. Ukutani ulikuwa na hali ya tatu, ya kushuka polepole, ambapo chipu haijazimika lakini haiaminiki tena, inatekeleza maagizo huku nguvu ikiiishia. Fundi mkuu aliliona kwanza kwa macho, taa ndogo ya mita ikififia badala ya kuzimika. Tuliwasha ulinzi wa ndani ya chipu unaoizima mara volti zinaposhuka chini ya kiwango salama, kisha hali hiyo ya tatu tukaiandika ndani ya simuleta, ili kila toleo jipya la programu likutane nayo.

Mengine hayakuingia kwenye kompyuta kabisa. Upepo wa bahari wa Mikocheni una chumvi, na chumvi inakula miguu ya viunganishi. Sanduku la chuma lililofungwa ukuta wa magharibi linapigwa jua la alasiri mpaka huwezi kulishika. Mijusi wanapenda joto la ndani ya masanduku ya mita. Vitufe vinavyobonyezwa sana vinafutika namba zake. Hayo yanataka rangi nzuri ya kinga, sanduku lililozibwa sawasawa, na fundi anayepita kukagua. Mhandisi anayetosheka na skrini hatayajua. Kwa hiyo tulijiwekea utaratibu: kila jambo ambalo ukuta unatuonyesha na simuleta haikulijua, linaandikwa. Likiweza kuigizwa, linaigizwa. Lisipoweza, linaingia kwenye orodha ya ukaguzi wa fundi. Kwa njia hiyo simuleta yetu ikawa daftari la yote tuliyoyajua kuhusu mita, daftari linaloweza kuendeshwa na kujaribiwa, na kijana mpya akija karakana alianza nalo kabla ya kushika bodi.

Wapo wanaodhani kuigiza vifaa ni anasa ya makampuni makubwa. Historia inasema vingine. Mwanzoni mwa mwaka 1975 Paul Allen na Bill Gates walitaka kuandika lugha ya BASIC kwa ajili ya Altair 8800, kompyuta ndogo ya kampuni ya MITS ya Albuquerque, Marekani. Hawakuwa na Altair, wala chipu yake ya Intel 8080. Walichokuwa nacho ni kitabu cha maelezo ya chipu na nafasi ya kutumia kompyuta kubwa ya PDP-10 iliyokuwa Harvard. Allen akaandika programu iliyoifanya PDP-10 ijifanye 8080, agizo kwa agizo kama kitabu kilivyoeleza. Gates, pamoja na mwenzao Monte Davidoff aliyeandika sehemu ya hesabu za desimali, wakajenga BASIC juu ya chipu hiyo ya kufikirika. Allen alisafiri kwenda Albuquerque na ukanda wa karatasi wenye programu ambayo haikuwahi kugusa mashine ya kweli. Ilifanya kazi.

Nikisoma habari hiyo huwa naitazama na tarehe za kwetu. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, mwaka mmoja tu kabla ya safari ya Allen, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na ikachukua miaka mingi mlango kufunguka. Vijana wengi wa wakati ule hawakuwa na mashine ya kujifunzia. Vijana wa leo wanayo. Mwanafunzi wa Temeke mwenye kompyuta ndogo ya mtumba kutoka Kariakoo anaweza kuendesha QEMU na Renode bila kulipa senti. Asiye na kompyuta anaweza kufungua tovuti ya Wokwi kwa simu, akaunganisha maikrokontrola ya ESP32 ya kuigiza na sensa ya joto, akaandika msimbo na kuona matokeo. Uhaba wa bodi haupaswi tena kuwa sababu ya mtu kumaliza diploma ya elektroniki bila kuandika programu inayogusa kifaa. Kwa walimu wa DIT, wa Kijitonyama, wa Mbeya, wa vyuo vya VETA, ombi langu ni hili: msimpe mwanafunzi simuleta ili awashe taa tu. Mpeni aukate umeme katikati ya kazi, ashushe volti, aisogeze saa hadi 2038, kisha aeleze kilichotokea na kwa nini. Hapo ndipo uhandisi unapoanza.

Kwa wanaonunua vifaa kwa niaba ya wananchi, ombi langu ni jingine. Nchi inaponunua mita, mizani, mageti ya tiketi au mashine za hospitali, mkataba utaje bei na idadi, utaje na tabia ya kifaa: maelezo kamili ya namna kinavyowasiliana, orodha ya vihesabu vyake na tarehe za kujaa, na simuleta ambayo wataalamu wa hapa wanaweza kuiendesha bila kumpigia simu muuzaji. Asiyepewa hayo amenunua sanduku lililofungwa, na siku likisimama atasubiri mgeni aje alifungue. Wahandisi wetu wana uwezo wa kuviuliza vifaa maswali magumu kabla havijasambazwa. Wanachohitaji ni kupewa kitu cha kuuliza.

Yule mama wa Mikocheni B alikubali mita zetu baada ya kutuuliza mara nyingi, na kila swali lake tulilibeba kurudi nalo karakana tukaligeuza kuwa jaribio. "Mpangaji akihama na uniti zake?" "Mtoto akichezea vitufe?" "Umeme ukirudi kwa kishindo?" Mteja anajua maisha ya kifaa chako kuliko karatasi ya maelezo inavyoyajua. Maswali ya mteja yakiingizwa ndani ya simuleta, hayasahauliki hata mhandisi akihama kazi. Yanaulizwa upya kila mara programu inapobadilishwa, hata kama badiliko ni la mstari mmoja.

Tokeni za mita za LUKU zilizopata ufunguo mpya mwaka 2024 sasa zinahesabu dakika kuanzia mwaka 2014, kwa biti zile zile 24. Hesabu hiyo itajaa tena Novemba 2045. Watakaoshughulika nayo wako shule ya msingi leo, na wengi wetu tutakuwa tumestaafu. Tusiwaachie mita kwenye kuta na faili lililofungwa kabatini. Tuwaachie kila kifaa pamoja na pacha wake wa ndani ya kompyuta, mwenye maelezo yaliyoandikwa kwa lugha wanayoielewa, waweze kuivusha tarehe hiyo miaka mingi kabla haijafika, mara nyingi kadiri watakavyo, bila kumzimia mtu taa.